Je, wajua kwa nini trekta iliyolala muda mrefu inajam valvu?

Ukipita vijiji vya wakulima hukosi kukuta Massey Ferguson 135 imeegeshwa chini ya mwembe, mwenyewe anasubiri hela ya matairi, msimu unapita, wa pili unapita, halafu siku moja anaamua kuifufua. Anaweka betri mpya na dizeli mpya, anapiga stata, injini inazunguka kinyonge mara inasikika kaa! chuma kwa chuma. Hapo kila mtu ana lake, huyu anasema pampu, yule nozeli, kumbe valvu imeganda ikiwa wazi na pistoni imeenda kuigonga.

Hizi 135 zilitoka kiwandani kati ya 1964 na 1975, na nyingi zina injini ya dizeli ya Perkins, silinda tatu, lita 2.5. Kila silinda ina valvu mbili, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi, na stemu ya valvu (mti wake) inapanda na kushuka ndani ya gaidi, yaani kibomba cha kuiongoza, ambayo imeibana kiasi kwamba nafasi inayobaki ni kama unene wa unywele tu. So hapo haihitaji kutu nyingi, kautando kadogo tu kanatosha kuishika, na springi peke yake haina nguvu ya kuivuta.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba silinda tatu zinavyopishana, injini ikizimwa popote itakaposimama lazima valvu angalau moja ibaki wazi. Kama ni ya moshi basi njia ni nyeupe kabisa kutoka nje mpaka ndani ya silinda, unyevu wa masika unaingia, na kama bomba la moshi limesimama bila kifuniko mvua yenyewe inashuka humo. Ndo maana valvu za moshi zinajam zaidi, halafu zina masizi tayari, maji na masizi vikikutana kwenye stemu vinakuwa gundi.

Lakini kwa maoni yangu kinachoua trekta nyingi ni ule utaratibu wa kuiwasha dakika tano kila wiki "isilale sana". Dizeli lita moja ikiungua inatoa maji karibu lita moja, yanatoka kama mvuke. Injini ikiwa ya moto mvuke unaishia nje, ikiwa ya baridi unagandia humohumo kwenye bomba na kwenye gaidi, na unaongeza masizi ya injini kuunguruma polepole bila mzigo juu yake, halafu unazima. Bora usingeigusa kabisa.

Ukihisi valvu zimejam usipige stata na usikubali ivutwe na trekta nyingine, maana pistoni ya dizeli inafika juu karibu kabisa na silinda hedi (kifuniko cha silinda chenye valvu). Valvu ikijam imefungwa, roka (mkono unaoisukuma valvu ifunguke) inaikandamiza na pushirodi (fito inayoisukuma roka) inapinda, hiyo ni bahati. Ikijam wazi inapinda yenyewe au kichwa kinakatika na kutoboa pistoni.

Fungua tapeti kava (kifuniko cha juu kinachofunika roka), toa shafti ya roka, angalia springi zote sita. Zote zinatakiwa ziwe usawa mmoja, iliyozama ndiyo yenye shida. Zungusha injini kwa mkono taratibu mpaka pistoni ya silinda hiyo ishuke, ukiona inagoma rudi nyuma, usilazimishe. Changanya oili ya gia otomatiki na thina nusu kwa nusu, mimina kwenye stemu uache hata siku nzima, halafu gonga juu ya stemu kidogo kidogo kwa nyundo ya mbao au plastiki, ishuke kidogo springi iirudishe, unaongeza mchanganyiko, unagonga tena. Nyundo ya chuma inatanua ncha ya stemu na hapo haipiti tena kwenye gaidi. Valvu iliyopona inaruka juu palepale, inayorudi kwa kujivuta bado ni mgonjwa, toa hedi tu, isafishwe stemu na gaidi, usage valvu, uweke gasketi mpya. Na fundi akibadilisha gaidi hakikisha anazipitisha rima (kifaa cha kusawazisha tundu kwa kipimo), akigongelea tu na kuchomeka valvu, ikipata moto itabana tena. Kabla ya stata zungusha injini kwa mkono raundi mbili kamili, kuna oili imeshukia kwenye silinda.

Trekta ikienda kulala, badilisha oili kwanza, ile nyeusi ina asidi, halafu ifanyishe kazi kweli, ivute kitu mpaka geji ya joto itulie. Ikizimwa na kupoa funika bomba la moshi kwa kopo na ziba njia ya hewa. Kama italala mwaka, legeza skrubu za roka mpaka valvu zote zijifunge, siku ya kurudi utaziseti upya, nafasi kati ya roka na stemu iwe milimita 0.30 injini ikiwa baridi.

Wenye mashine za kusaga za silinda moja mna kazi nyepesi, zungusha flaiwili mpaka uhisi kompresheni inakuwa nzito, iache hapohapo, valvu zote mbili zimefungwa.