Mvuvi Aliyelala Mchana Si Mvivu
Sisi watu wa pwani tumeitwa wavivu kwa miaka mingi, na ushahidi unaotolewa ni mvuvi aliyejinyoosha kivulini saa sita mchana, ilhali huenda mvuvi huyo alitweka tanga usiku wa manane. Inaniuma, kwa sababu kosa liko kwenye saa inayotumika kutupima. Kazi ya bahari hufuata kupwa na kujaa kwa maji, ambako huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo muda wa kazi huhama kati ya mchana na usiku. Huko Paje na Jambiani, Unguja, wanawake wanaolima mwani huinama majini kwa saa kadhaa siku za bamvua, maji yanapokupwa sana.