Tatra: lori la jeshi lililojengwa juu ya bomba moja

Nikipewa lori la jeshi nilikague, naingia uvunguni kwanza. Nguvu za injini zimeandikwa kwenye kibao, mtu yeyote atazisoma. Lakini lori litafika wapi barabara ikiisha, hilo huamuliwa na kilichoko chini.

Malori mengi huko chini yanafanana: boriti mbili ndefu za chuma, ekseli nzima zimefungwa kwa spring, propela (mhimili unaopeleka nguvu za injini kwenye ekseli) inazunguka wazi ikipigwa matope na mawe. Tatra, lori la Kicheki, haiko hivyo. Katikati yake linapita bomba nene la chuma, na propela imo ndani ya bomba hilo. Fremu ya kubebea bodi ipo juu, ila mzigo wa kupindwa na kunyongwa njiani unabebwa na bomba.

Ubunifu huu ni wa Hans Ledwinka, mhandisi Mwaustria, aliyeuanzishia Kopřivnice, Chekoslovakia, mwaka 1923. Na wala hakuanza na lori: Tatra 11 ilikuwa gari dogo la abiria lenye injini ya silinda mbili inayopozwa kwa hewa. Malori yalifuata kwa urahisi, kwa sababu ukitaka ekseli nyingine unaunga kipande cha bomba na nyumba ya difu nyingine (difu ni gia za ekseli zinazogawia magurudumu nguvu). Ndiyo maana kiwanda cha Tatra kilipanda hadi magurudumu manane yote yakivuta bila kubadili msingi.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni difu yenyewe. Kila nusu ya ekseli ina pinioni yake (gia ndogo inayosukuma) na krauni yake (gia kubwa inayosukumwa), na inapopanda au kushuka huzunguka mhimili wa pinioni hiyo. Kwa hiyo kwenye ekseli za nyuma hakuna haja ya krosi, yaani kiungo kinachoruhusu mhimili kujikunja ukizunguka. Tairi la kushoto likipanda jiwe, la kulia halina habari. Gharama yake ukiitazama kwa makini utaiona: magurudumu ya pande mbili hayako mstari mmoja, moja limetangulia kidogo, kwani pinioni mbili haziwezi kukaa mahali pamoja.

Tatra 111 ilitoka mwaka 1942, wakati Wajerumani wameikalia nchi na jeshi lao linataka lori zito. Iliwekewa dizeli ya V12 (silinda kumi na mbili) ya lita 14.8, nguvu za farasi 210, inayopozwa kwa hewa, bila rejeta. Pasipo maji hakuna cha kuganda, na baada ya vita Wasovieti walizitumia sana Siberia. Iliendelea kutengenezwa hadi 1962. Tatra 813 ya mwaka 1967 ilikuja na V12 ya lita 17.6, na dereva aliweza kupunguza upepo wa tairi akiwa njiani. Juu yake ndipo ilipofungwa RM-70, mtambo wa mirija 40 ya roketi.

Sasa kasoro. Lori likiwa tupu, nusu-ekseli huning'inia na magurudumu huingia ndani kwa chini. Ukiliendesha hivyo kwenye lami muda mrefu, tairi zinalika upande. Ukilijaza mzigo, yanasimama wima. Kwa jeshi linalosafirisha vitu kwenye barabara nzuri, mimi ningeshauri chesisi ya kawaida: ni nafuu, na fundi yeyote anaijua.

Tatra Phoenix, iliyotoka mwaka 2011, ina kebini ya kampuni ya DAF na injini ya kampuni ya Paccar inayopozwa kwa maji. Bomba limebaki lilelile, na nusu-ekseli zake.