Miamba ya mashapo: namna ya kuipanga kwa madini yake na umbile lake

Mwanajiolojia wa Lubumbashi akipewa jiwe la mashapo hujiuliza maswali mawili. Limeundwa na madini gani? Na chembe zake zina ukubwa gani, zimekaaje? La kwanza linahusu madini, la pili linahusu umbile. Ukijibu moja tu, bado hujalijua jiwe.

Miamba ya mashapo ni mchanga, tope, chumvi au mabaki ya viumbe yaliyotua, mara nyingi chini ya maji, kisha yakafukiwa, yakagandamizwa na kushikamana. Lava ya Nyiragongo kule Goma haimo humo, hata ipondwe kuwa kokoto. Ila vipande vyake vikisombwa na maji, vikatua na kushikamana upya, hapo vitahesabiwa.

Kwa miamba iliyotokana na vipande, ukubwa wa chembe ndio unaotoa jina. Chembe zikizidi milimita 2 ni kokoto: zikiwa za mviringo mwamba huitwa konglomerati, zikiwa na pembe kali huitwa breshi. Kati ya milimita 2 na 0.06 ni mwamba wa mchanga. Chini ya hapo ni miamba ya tope, na ile inayobanduka kwa matabaka membamba ni shisti ya udongo. Pembe za chembe husimulia safari: zilizosafiri mbali mtoni zimelainika, zilizoanguka karibu bado zinakwaruza. Tazama pia kama zimelingana, kama mchele uliopepetwa, au zimechanganyika ovyo.

Mchanganyiko ovyo ndio unaofanya ule mwamba wa Katanga uitwao Grand Conglomérat uwe wa kuvutia. Mawe makubwa na madogo yametawanyika ndani ya tope gumu, mengi hata hayagusani. Mto haupangi mizigo yake hivyo. Wanajiolojia wengi wamesoma humo kazi ya barafu, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, ingawa wengine wanaona maporomoko ya tope chini ya maji. Madini peke yake yasingezua mjadala huo. Umbile ndilo lililouzua.

Madini nayo yana kazi yake. Mwamba wa mchanga wenye kwatsi tupu, madini magumu yasiyooza upesi, umepitia kusagwa na kuoshwa kwa muda mrefu. Ukiwa na feldispari, madini yanayooza kuwa udongo, zaidi ya robo huitwa akosi, na asili yake kwa kawaida ni graniti ya jirani. Jasi na chumvi hubaki maji yanapokauka. Makaa ya mawe, kama ya Luena, ni mimea iliyofukiwa.

Halafu kuna mawe ya chokaa na dolomiti, ndugu yake yenye magnesi, zinazofanana mno machoni. Dondoshea asidi hafifu: chokaa hutoa povu papo hapo, dolomiti huchelewa hadi uikwangue upate unga. Kuzitofautisha ni muhimu hapa kwetu, maana shaba na kobalti nyingi ya Katanga imelala ndani ya shisti za dolomiti, jina linalojibu maswali yote mawili kwa pamoja: chembe laini zenye matabaka, madini ya dolomiti. Tahadhari moja tu: malakiti, yale madini ya shaba ya kijani, nayo hutoa povu kwenye asidi. Jiwe likiwa na madoa ya kijani, dondoshea pale pasipo na rangi.