Kuzoea Ukali Si Kinga

Tangu mashindano ya kula pilipili kali yasambae mitandaoni, dawati letu la malalamiko linapokea madai ya namna moja: "Mchuzi umeniunguza, una sumu." Wengine wanashikilia kinyume chake, kwamba wao wameshazoea, hakuna cha kuwadhuru. Wote wamekosea.

Pilipili haina moto. Kapsaisini, kemikali iliyomo inayoipa ukali, hunasa kwenye kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, kilekile kinachoamshwa na joto la takriban nyuzi 43 za Selsiasi, na ubongo hupokea taarifa ya kuungua kusikokuwepo. Ugunduzi huo wa 1997 ulichangia mwanasayansi David Julius kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ndege, kwa taarifa yenu, hawausikii ukali huo kabisa.

Ladha ya uchungu nayo ni onyo, kwa kuwa sumu nyingi za mimea ni chungu. Mtoto mchanga akionjeshwa kitu kichungu hukunja uso na kukisukuma nje kwa ulimi, bila kufundishwa na yeyote. Anayefurahia kahawa kali alijifunza: aliinywa mara kwa mara, pengine na sukari, kafeini ikamchangamsha, mwili ukauhusisha uchungu na uchangamfu. Mla pilipili hutokwa machozi na kamasi, anahema, kisha anaongeza. Mwanasaikolojia Paul Rozin aliona kwamba wengi hupendelea kiwango kilicho chini kidogo tu ya kile wasichoweza kukivumilia. Mwili unapiga yowe, akili inajua ni salama, na raha inatoka hapo.

Lakini neva zilizozoea hupunguza onyo tu. Dondoo ya pilipili iliyokolezwa bado inaweza kumtapisha mtu na kumletea maumivu makali ya tumbo. Watoto wasishirikishwe. Na tafadhali, acheni kukimbilia maji. Kapsaisini haiyeyuki vizuri humo. Kunyweni maziwa.

Anayelalamika asitupe chupa. Aifunge, aiweke kwenye jokofu, atunze risiti, aandike namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, na mahali alipoinunua. Mabaki yaliyohamishiwa chombo kingine hatuyapokei, kwani hayathibitishi lolote. Mkaguzi atachukua sampuli ya toleo hilohilo dukani. Lebo ikibainika kuficha kiambato, msambazaji ataamriwa kuondoa bidhaa sokoni kwa gharama zake. Akikaidi, atafikishwa mahakamani.

Malalamiko kwamba mchuzi ulioandikwa "kali sana" ulikuwa mkali sana hayatafunguliwa jalada.