Malezi ya imani katika shule ya Kilutheri: maana yake nini?

Ukitaja shule ya kanisa, wengi huwaza nidhamu, sare safi na ufaulu wa mitihani. Ni mambo mema, ila shule yoyote yenye usimamizi mzuri inaweza kuyatoa. Malezi ya imani ni kazi nyingine. Ni kumweka mtoto aliyebatizwa mahali ambapo Neno la Mungu linamfikia kila siku, kwa maneno anayoyaelewa, mpaka maneno hayo yawe yake mwenyewe.

Shika hapo kwenye "aliyebatizwa". Walutheri hubatiza watoto wachanga kwa sababu wanaamini kwamba katika ubatizo Mungu mwenyewe ndiye anayetenda: anasamehe na kumfanya mtoto kuwa wake. Kwa hiyo mwalimu hamkuti mtoto huyo nje ya mlango akalazimika kumbembeleza aingie. Anamkuta ndani tayari, na kazi yake ni kumwonyesha alichopewa. Na yule ambaye bado hajabatizwa hukaa dawati moja na wenzake, akisikia Neno lile lile.

Je, shule inaweza kumpa mtoto imani? Hapana. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa wa Ujerumani ambaye Walutheri wameitwa kwa jina lake, akieleza sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume, anakiri kwamba kwa akili na nguvu zake hawezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, bali Roho Mtakatifu ndiye aliyemwita kwa Injili. Ikiwa daktari wa theolojia hakuweza kujipa imani, hakuna mwalimu awezaye kumpa mwanafunzi wake. Lakini Roho huita kwa Neno, na Neno huhitaji kinywa cha kulisema na sikio la kulisikia. Shule inaingia hapo.

Haja hiyo Luther aliiona mapema. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule za Kikristo, za wavulana na za wasichana pia. Alisema kwamba lugha ni ala unamokaa upanga wa Roho, ndiyo maana alitaka watoto wafundishwe lugha za Biblia. Miaka minne baadaye alishiriki katika ukaguzi wa makanisa ya Saksonia, eneo la Ujerumani, akarudi na uchungu: vijijini watu walibatizwa na kushiriki Chakula cha Bwana, ilhali hawakujua Sala ya Bwana, wala Imani ya Mitume, wala Amri Kumi. Mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, ambayo sehemu zake za mwanzo zilitoka kwanza kama karatasi za kubandikwa ukutani.

Swali linalojirudia ndani yake ni fupi: maana yake nini? Mwanafunzi anasoma, "Usiibe." Maana yake nini? Anajibu kwamba tumche Mungu na kumpenda, tusichukue mali ya jirani, bali tumsaidie kuitunza na kuiongeza. Mtoto wa miaka minane anagundua kwamba amri haikomi kwenye kuzuia mkono wake; inamtuma akasaidie. Wapo wanaodharau kukariri, nami sikubaliani nao. Mtoto huanza na maneno, uelewa ukafuata polepole. Kosa ni kuishia kwenye kukariri, mwalimu akigawa alama na kufunga daftari bila kuuliza lile swali.

Na kuna somo ambalo halimo kwenye ratiba. Mtoto amechukua kalamu ya rangi ya mwenzake, akaificha kwenye soksi. Anaulizwa, anakana, kisha machozi yanamtoka. Mwalimu wa Kilutheri ana maneno mawili ya kumwambia, na kila moja lina zamu yake. La kwanza ni Sheria: umeiba, umemkosea mwenzako na umemkosea Mungu. Halipunguzwi makali. Akishakiri, linakuja la pili, nalo ni Injili: Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi hii pia, umesamehewa. Kisha kalamu inarudishwa kwa mwenyewe. Shule inayojua Sheria peke yake hulea watoto wanafiki au waliokata tamaa, hata kama wanaimba vizuri kwenye ibada ya asubuhi. Mtoto aliyewahi kuambiwa "umesamehewa" akiwa bado ameshika alichoiba, huyo ameionja Injili.

Hesabu, sayansi na jiografia nazo zimo. Walutheri hufundisha kwamba mkulima, mama wa nyumbani na hakimu wana wito kutoka kwa Mungu sawa na mchungaji, kwa hiyo kumfundisha mtoto kugawanya sehemu ni kumwandaa kumtumikia jirani.

Shule haichukui nafasi ya wazazi. Sehemu nyingi za Katekisimo Ndogo zina kichwa kinachosema kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Mwalimu ni msaidizi wa mzazi, na mahali ambapo mzazi amemwachia kila kitu, kazi yake huwa ngumu mara mbili. Usharika nao una sehemu yake. Kijana anayemaliza kipaimara kisha asione nafasi yake kwenye kwaya au ibada hubaki na mafundisho yasiyo na makao.

Kwa hiyo shule nzuri humpa mtoto kitu cha kubeba kwenda nyumbani. Katekisimo ina sala ya asubuhi na ya jioni, fupi kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili anaweza kumfundisha mdogo wake. Jioni ajifanyie ishara ya msalaba, apige magoti au asimame, aseme Imani ya Mitume na Sala ya Bwana. Baada ya hapo, Luther anaagiza, alale mara moja, tena kwa furaha.