Kiporo kikae siku ngapi kwenye friji?

Nimepika sufuria kubwa la maharage Jumapili. Naweza kuyala mpaka lini?

Mpaka Jumatano, mwisho kabisa Alhamisi. Chakula kilichopikwa hukaa siku tatu hadi nne, mradi friji iwe na nyuzijoto 4 au chini ya hapo. Ila siku hizo ni za chakula kilichoingia friji mapema. Kisikae nje zaidi ya saa mbili tangu kiepuliwe, na joto likizidi nyuzi 32, kama mchana wa Februari pale Dar es Salaam, ni saa moja tu. Maharage yaliyoshinda jikoni kutwa nzima ndipo yakakumbukwa usiku, friji haiyaokoi. Baridi haiui bakteria, inawapunguza kasi tu.

Si tuliambiwa chakula cha moto kinaharibu friji?

Ndiyo maana sufuria huachwa mezani mpaka watu wanalala! Gawa chakula kwenye vyombo vipana visivyo na kina, au kalisha sufuria kwenye beseni la maji baridi ukiwa unakoroga. Mvuke ukikata, tia ndani hata kama bado ni vuguvugu. Sufuria kubwa likiingia zima, katikati yake hubaki na joto kwa saa nyingi.

Wali uliolala jikoni nikiukaanga vizuri asubuhi, una shida gani?

Hapa ndipo wengi huumia, maana wali na chai asubuhi nani asiyeupenda? Mchele una bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu, mbegu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haitoki kwa kukaanga. Harufu ya wali inaweza kuwa safi kabisa, lakini baada ya saa chache mtu anaanza kutapika. Weka wali kwenye friji mapema, ule kesho yake, upashe mara moja tu mpaka utoe mvuke hadi katikati.

Nyama, kuku na samaki wabichi je?

Kuku, samaki na nyama ya kusaga ni siku moja au mbili. Nyama ya vipande siku tatu hadi tano. Viweke chini kabisa ili maji yake yasichuruzikie kachumbari.

Kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, chakula hubaki salama, ila ladha hupungua. Kuku mzima hufika mwaka, nyama ya kusaga miezi mitatu au minne, vibua miezi miwili au mitatu. Lakini tazama nyota zilizochorwa kwenye kile kichumba cha barafu cha friji ndogo. Nyota moja ni nyuzi 6 tu chini ya sifuri, na hapo usipige hesabu ya miezi, ni kama wiki moja.

Vibua na jodari pia wanunuliwe wakiwa kwenye barafu. Wakishinda juani hutengeneza histamini, aina ya sumu, na hiyo haiondoki kwa friza wala kwa moto.

Nazima friji usiku kuokoa luku. Kuna ubaya?

Upo. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa takriban saa nne, na usiku ni mrefu kuliko hapo. Friza iliyojaa huvumilia saa 48, iliyojaa nusu saa 24, usipoifungua. Umeme ukirudi, nyama ambayo bado ina chembe za barafu unaweza kuigandisha tena.

Nikisafiri, nitajuaje kama umeme ulikatika?

Gandisha maji kwenye kikombe cha plastiki, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukirudi ukaikuta sarafu palepale juu, uko sawa. Ukiikuta imezama mpaka chini, kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya. Tupa, hata kama kuku anaonekana mgumu kama jiwe.