Kula na kunywa kwa makini: maana yake kwa anayesafishwa damu

Kula na kunywa kwa makini ni kujua unachotia mdomoni, kiasi chake na sababu ya kukitaka, kabla hujakimeza. Kwa mwenye figo nzima hilo ni jambo la hiari. Anayesafishwa damu kwa mashine hana hiari hiyo, kwa kuwa maji asiyoyakojoa hubaki mwilini hadi siku ya mashine: miguuni, usoni, na yakizidi huingia mapafuni.

Kiasi cha kila mgonjwa hupangwa na daktari wake. Hesabu inayotumika sana ni mililita 500 kwa siku, ukiongeza kiasi cha mkojo wa jana. Anayekojoa mililita 300 basi ana 800. Sasa keti naye mezani asubuhi hapa Kisumu: kikombe kikubwa cha uji, mililita 400, na nusu ya posho yake ya maji imekwenda kabla joto la mchana halijaanza. Wengi huhesabu maji ya glasi tu. Uji, chai, mchuzi wa samaki, tikiti maji, hata barafu ya kumumunya, vyote husahauliwa, kisha mizani ya kliniki huwaumbua, maana lita 1 ni kilo 1.

Lakini kumwambia mtu "punguza maji" bila kugusia chumvi ni kumwonea. Gramu 9 za chumvi, kama kijiko cha chai kimoja na nusu, hudai karibu lita nzima ya maji mwilini. Aliyekula chumvi hiyo atakunywa tu, hata awe na moyo mgumu namna gani. Na chumvi haimo kwenye kopo lake peke yake. Magadi ya kulainishia mrenda na kunde yana sodiamu. Viungo vya mchuzi vya pakiti navyo vimejaa chumvi. Ile munyu ya majivu ambayo Waluhya huiita musherekha ina potasiamu nyingi, nayo potasiamu ikipanda mno moyo unaweza kusimama. Ndimu, dania, kitunguu saumu na pilipili vitatia ladha bila deni hilo.

Mwenye kisukari aangalie pia sukari yake: ikipanda, kiu hupanda nayo.

Kuna mbinu ya chupa ninayoipenda. Asubuhi jaza maji ya posho yako yote. Ukinywa chai kikombe kimoja, mimina kiasi hichohicho nje ya chupa. Utaona kwa macho kilichosalia. Mdomo ukikauka, sukutua uteme.

Pagumu ni matangani, ambako soda ya mililita 300 hufunguliwa hata kabla hujapata kiti. Sema mapema, "Mama, yangu usiifungue, nitaondoka nayo." Hakuna atakayekasirika, na watoto nyumbani watagawana.